Echoes ya Pink Floyd (2001): mkusanyiko bora au mchinjo?

#1 Sikio_la_Tatu
Wakuu, kwema? Nina jambo limenikaa rohoni.

Juzi nimesikiliza tena ule mkusanyiko wa Pink Floyd wa mwaka 2001, Echoes, diski 2, nyimbo 26, mwanzo hadi mwisho bila kuinuka. Najua nitapigwa mawe lakini nasema: huo ndio mkusanyiko bora kuliko yote iliyotolewa na bendi za roki ya progresivu. Mikusanyiko mingine ni kapu. Vibao vimepangwa kwa mwaka, kimoja kinafifia, kimya kidogo, kingine kinaanza. Huu umeshonwa. James Guthrie, fundi wa sauti aliyekuwa nao tangu enzi za The Wall, ameziunganisha nyimbo ili zisiachiane mikono. See Emily Play ya 1967 inaisha, mara unasikia helikopta juu ya kichwa, tayari uko 1979. Miaka 12 imerukwa na wala hukushtuka.

Sasa kwa nini wanaojiita mashabiki wa kweli wanauchukia hivi? Karibuni.

#2 Bibi_wa_Santuri
Kwa sababu wimbo uliobeba jina la albamu umekatwa dakika 7. Funga uzi.

#3 Dramu_Kimya
Naweka kambi hapa. Huu uzi utanoga.

#4 Mgonga_Besi
Dada #2, hesabu haina hasira. Echoes kamili kwenye Meddle ya 1971 ni dakika 23 na nusu, upande mzima wa santuri. Kwenye mkusanyiko ni 16 na nusu. Diski zote mbili zinagonga kama dakika 77 kila moja, na CD mwisho wake ni 80. Ukirudisha zile dakika 7 lazima umtoe mtu nje. Unamtoa nani? Sheep? Set the Controls? Tatizo ni la plastiki, si la roho mbaya.

#5 Bibi_wa_Santuri
Mtoe Keep Talking. Hiyo ni karibu dakika 6. Halafu kile kipande cha Marooned kilichobaki dakika 2 toa chote, kilivyo sasa hakina kichwa wala miguu. Nimekumalizia hesabu yako.

Na nikwambie kitu. Mtu ameandaa harusi, kadi zina jina la bibi harusi, halafu bibi harusi mwenyewe ameambiwa aingie nusu kwa sababu viti vimejaa. Kama huna nafasi ya Echoes usiite albamu Echoes.

Msioijua ile kamili, nawaelezea. Inaanza na noti moja ya piano ya Rick Wright iliyopitishwa kwenye spika ya Leslie, ile yenye pembe inayozunguka. Inadondoka kama tone kisimani. Moja. Unasubiri. Nyingine. Sasa nenda katikati: wimbo unazama, unabaki upepo, na vilio kama vya ndege au nyangumi, ambavyo ni gitaa la Gilmour pedali ya wawa ikiwa imechomekwa kinyume. Unakaa humo mpaka unasahau kwamba ulikuwa unasikiliza wimbo. Ndipo lile tone linarudi. Likirudi, mimi mwili unasisimka, na nimelisikia maisha yangu yote. Ufupishe ule usubirivu uone kama mwili utasisimka.

#6 Kijana_wa_Diski
Bandiko #5 limenigusa, ila ngoja niwe mkweli. Mimi ni zao la huo mkusanyiko. Nilikuwa na miaka 14, binamu yangu akaniachia diski zote mbili, kasha limepasuka, hakuna hata kijitabu. Hiyo Echoes ya dakika 16 ndiyo niliyoijua kwa miaka 5. Siku nilipoisikia ile kamili nilidhani diski imeharibika, mbona haiishi?

Mpaka leo moyoni mwangu ile fupi ndiyo yenyewe. Nipigeni tu.

#7 Dramu_Kimya
@Kijana_wa_Diski toka nje ujitafakari 😂

#8 Ngazi_ya_Saba
Tuwape nafasi, ilikuwa ndiyo mara yao ya kwanza kutoa albamu ya vibao bora. Bendi imeanza 1965, mkusanyiko wa kwanza 2001, lazima wakosee mahali.

#9 Mzee_Kumbukumbu
@Ngazi_ya_Saba umeenda chaka mwanangu. Relics ilitoka 1971, miezi michache kabla ya Meddle, nyimbo za mwanzo mwanzo pamoja na singo, na mchoro wa jaladani ni wa mpiga dramu wao Nick Mason kwa mkono wake. 1981 ikatoka A Collection of Great Dance Songs, nyimbo 6 tu. Jina lenyewe ni kejeli, maana hakuna hata mmoja wa kucheza. Jaladani kuna wacheza dansi wawili wamefungwa kamba ardhini kama hema. 1983 ikaja Works huko Marekani. Kwa hiyo 2001 hawakuwa wageni.

#10 Ngazi_ya_Saba
Shikamoo mzee, nimeshika adabu. Sasa hiyo ya 1981 yenye nyimbo 6 iliuzwa kwa nini kama nyimbo zote watu walikuwa nazo?

#11 Mzee_Kumbukumbu
Marahaba. Biashara ya sikukuu. Lakini si zote walikuwa nazo. Kampuni iliyokuwa na haki za Money huko Marekani, Capitol, iligoma kuitoa kwa Columbia waliokuwa wanatoa mkusanyiko. Gilmour akaingia studio akairekodi upya karibu peke yake: gitaa, besi, vinanda, dramu, sauti. Aliyemwita ni Dick Parry tu aje apulize saksafoni kama alivyopuliza 1973. Ukisikiliza ukiwa umezoea ile ya kwanza, dramu ndizo zinamchongea. Zinakwenda sawa, lakini hazina ule uzembe wa Mason.

#12 Dramu_Kimya
"Uzembe wa Mason" nimeuchukua. Tusisahau huyo ndiye mtu pekee aliyemo kwenye albamu zote za Pink Floyd. Wengine wameondoka, wamefukuzwa, wamerudi, yeye yupo tu nyuma ya ngoma zake.

Na kuna kitu kimenijia sasa hivi. One of These Days, ambao nao ni wa Meddle na umo kwenye huu mkusanyiko, una sentensi moja tu, na anayeisema ni Mason kwa sauti ya jini, akitishia kumkata mtu vipande vipande. Kumbe alikuwa anaongea na Echoes.

#13 Bibi_wa_Santuri
😂😂 Nimecheka mpaka nimesamehe nusu.

#14 Hesabu_za_Muziki
Nimekaa na orodha nikahesabu, maana hapa watu wanaongea kwa hisia. Nyimbo 26 zimegawanyika hivi kwa albamu:

Dark Side of the Moon 4, The Wall 4, Division Bell 3. Mbili mbili kwa Piper, Saucerful, Meddle, Wish You Were Here na Momentary Lapse. Animals 1, Final Cut 1. Singo ambazo awali hazikuwa kwenye albamu 3: Arnold Layne, See Emily Play na When the Tigers Broke Free.

Sasa angalieni nilichokiona. Nyimbo alizotunga Syd Barrett, kiongozi wao wa mwanzo aliyeondoka 1968, ni 5. Nyimbo za baada ya Roger Waters kuondoka 1985 nazo ni 5. Tano kwa tano! Na kati ya Saucerful ya 1968 na Meddle ya 1971 hakuna kitu. More, Ummagumma, Atom Heart Mother, zote sifuri. Obscured by Clouds ya 1972 pia sifuri.

Kwangu mimi hii ni siasa. Waters na Gilmour walikuwa hawaongei vizuri wakati huo, na orodha ilibidi ikubaliwe na wote wanne. Waters angekubali vipi High Hopes ya enzi isiyo yake bila kupewa Fletcher Memorial Home na Tigers? Tigers inamhusu baba yake aliyeuawa vitani Anzio 1944, na hilo Fletcher ni jina la kati la baba huyo. Ni mkataba wa amani uliopigiwa gitaa. Echoes ilikatwa kwa sababu nchi ndogo na wagombea wengi.

#15 Mgonga_Besi
Siasa hapana. Hiyo tano kwa tano ni bahati tu. Ukitafuta namba kwenye orodha ya nyimbo 26 utapata chochote unachotaka.

#16 Sikio_la_Tatu
Mleta uzi nimerudi. @Hesabu_za_Muziki kazi nzuri, ahsante. Lakini mimi nasoma hiyo tano kwa tano kinyume na wewe. Kama wangepanga kwa miaka, Barrett angekuwa mlangoni, unampita, humkuti tena. Hapa Arnold Layne imewekwa baada ya Learning to Fly ya 1987, Jugband Blues iko baada ya Wish You Were Here, na Bike ndiyo inafunga mlango. Yaani kila wakijaribu kuondoka, Syd anawasubiri kona inayofuata. Hiyo si siasa, kuna mtu alikaa akafikiria.

#17 Kanda_Iliyokwama
Nimesoma kimya kimya ila #16 umeniamsha. Jugband Blues baada ya Wish You Were Here ndio mshono bora wa albamu nzima. Wimbo wa kumlilia rafiki aliyepotea, halafu papo hapo rafiki mwenyewe anaingia anaimba, na anaimba kama mtu ambaye hana uhakika kama yumo chumbani. Huo ndio wimbo wake wa mwisho kwenye albamu za bendi. Mara ya kwanza nilisimamisha nikakaa kidogo.

Na bado nasema mkusanyiko ni mbovu. Time bila Breathe, ule wimbo wa mwanzoni mwa Dark Side? Ule mlango wa mwisho wa Time unamrudia Breathe, sasa anamrudia nani wakati hakutangulia? Ni kama mtu anakwambia "kama nilivyosema" na hajasema.

#18 Fundi_Mitambo
Naongeza la kiufundi. Wengi mnaolalamika kuhusu mishono mmeusikia kwenye simu. Mshono wa Guthrie ulitengenezwa kwa CD. Ukigeuza kuwa MP3, faili hukatwa katika fremu za sampuli 1152, takriban milisekunde 26 kila moja, na mwanzo na mwisho hujazwa kimya ili fremu itimie. Programu isiyojua kuondoa hicho kimya inakupigia *tk* kila wimbo mmoja unapoungana na mwingine. Helikopta inakata, *tk*, inaendelea. Nilimlaani Guthrie mwaka mzima kabla sijagundua kwamba kosa ni la kicheza muziki changu.

Na wa santuri msicheke. Kwenu ilitoka kwenye sahani 4, maana yake pande 8, maana yake mshono unaukata wewe mwenyewe kwa mkono kila ukienda kugeuza.

#19 Bibi_wa_Santuri
Mimi nikigeuza sahani nanyoosha mgongo, ni faida.

#20 Ngazi_ya_Saba
Nimekosea tena au? Nilidhani Tigers ilikuwa kwenye Final Cut tangu mwanzo, kwa nini @Hesabu_za_Muziki ameihesabu kama singo?

#21 Hesabu_za_Muziki
Safari hii umekosea kidogo tu. Ilikuwa kwenye filamu ya The Wall, ikatoka singo 1982. Final Cut ya 1983 haikuwa nayo. Iliingizwa humo toleo la 2004. Kwa hiyo 2001, mwenye kutaka Tigers kwenye CD ya Pink Floyd alikuwa ananunua huu mkusanyiko. Hiyo nayo ni sababu ya kuwepo kwake kwenye orodha, ya kibiashara kabisa. Nimejipinga mwenyewe, najua.

#22 Mkosoaji_Mkavu
Mnazunguka. Swali la kweli ni moja: bendi isiyo na vibao itakuwaje na albamu ya vibao bora? Uingereza hawa hawakutoa singo hata moja kati ya mwisho wa 1968 na mwisho wa 1979. Arnold Layne ilifika namba 20, See Emily Play namba 6, halafu kimya cha miaka 11, halafu Another Brick namba 1. Basi. Hivyo vitatu vingetosha kwenye sahani ndogo. Kilichobaki ni albamu, na albamu haikatwi mapande kama gogo. Dark Side ilikaa kwenye chati ya Billboard wiki 741 kati ya 1973 na 1988. Watu hawakuinunua kwa ajili ya wimbo mmoja.

Na bendi yenyewe inalijua hilo. 2010 waliishinda kampuni yao ya rekodi, EMI, mahakamani London, hoja yao ikiwa kwamba mkataba unakataza kuuza nyimbo zao moja moja mtandaoni bila ridhaa yao, kulinda uzima wa albamu. Sawa. Sasa 2001 nani alikuwa ameshika kisu?

#23 Mgonga_Besi
@Mkosoaji_Mkavu umesahau neno "ridhaa". Mwenye nguo akiipunguza pindo ni fundi. Jirani akiipunguza ni mwizi. Hawakusema nyimbo haziwezi kutenganishwa. Walisema huwezi kuzitenganisha bila kutuuliza.

#24 Mzee_Kumbukumbu
Na Januari 2011 wakasaini mkataba mpya na EMI, nyimbo zikaendelea kuuzwa moja moja kama mchicha. Novemba mwaka huo huo wakatoa mkusanyiko mwingine, A Foot in the Door, diski moja, nyimbo 16. Echoes hawakuiweka kabisa, hata hiyo iliyokatwa. Barrett kapewa wimbo mmoja. Huo ukiusikiliza ndipo utaurudia wa 2001 kwa heshima.

#25 Kijana_wa_Diski
Kumbe nilikulia kwenye neema.

#26 Sauti_ya_Pembeni
Hakuna aliyemtaja Clare Torry? The Great Gig in the Sky imo kwenye mkusanyiko, 2001 jina la mtunzi ni la Wright peke yake. Yule mama aliitwa studio Jumapili, akalipwa pauni 30, akaimba bila neno hata moja, ndiyo ile sauti. Akaja kushitaki 2004, 2005 wakapatana nje ya mahakama, na tangu hapo jina lake limo. Kwa hiyo nakala yako ya 2001 ina kosa limechapwa jaladani. Itunze.

#27 Dramu_Kimya
Pauni 30 kwa ile kazi? Mimi ningelia kwa sauti ile ile aliyolia yeye.

#28 Kanda_Iliyokwama
Tukitoka nje ya Floyd kidogo: kama mnaona Echoes ni dhambi, sikilizeni ile ya Genesis ya 1999, Turn It On Again. Bendi iliyokuwa na Peter Gabriel mpaka 1975, na kwa rekodi za enzi zake umewekwa wimbo mmoja tu, I Know What I Like. Carpet Crawlers ipo lakini wameirekodi upya 1999, Gabriel akaitwa kuja kuimba. Mtu ambaye hajui bendi atadhani ni bendi ya Phil Collins iliyowahi kuwa na mgeni.

#29 Mkosoaji_Mkavu
Genesis angalau walikuwa na vibao vya kweli. I Can't Dance si wimbo wa dakika 23. Huwezi kulinganisha.

#30 Kanda_Iliyokwama
Umetetea I Can't Dance hadharani. Hilo litaandikwa.

#31 Bibi_wa_Santuri
King Crimson 1976, Robert Fripp alikaa mwenyewe akachagua nyimbo za mkusanyiko wao. Mtu mmoja, sikio moja. Kamati haichagui muziki. Kamati inagawana. Narudi kwa @Hesabu_za_Muziki, naunga mkono hoja ya siasa.

#32 Sikio_la_Tatu
Basi nimeichukua changamoto. Kila mtu hapa anajua nini kitoke, hakuna anayesema nini kiingie. CD moja, dakika 80, hakuna kukata hata sekunde. Nani anaweza?

#33 Hesabu_za_Muziki
Mimi. Echoes kamili, 23:31. Dogs ya Animals, 17:04. Hapo ni 40:35.

#34 Mgonga_Besi
Nyimbo mbili umemaliza nusu ya diski 😂

#35 Hesabu_za_Muziki
Tulia. Shine On You Crazy Diamond yote, mwanzo na mwisho, kama dakika 26. Tuko 66 na nusu. Time pamoja na mkia wake, 6:53. Comfortably Numb, 6:23. Jumla 79:51. Sekunde 9 zimebaki, na hakuna aliyekatwa.

#36 Kijana_wa_Diski
Nyimbo 5?? Money haipo, Wish You Were Here haipo, Another Brick haipo.

#37 Fundi_Mitambo
Na vichoma CD vingine vinagoma kabla ya kufika 79:51, nakuonya mapema.

#38 Sikio_la_Tatu
Na Syd je? Miaka yote ya Barrett umeifuta.

#39 Hesabu_za_Muziki
Shine On ni ya kwake, mkuu, imeimbwa kwa ajili yake. Dakika 26 zote.

#40 Bibi_wa_Santuri
Ni ya kwake, lakini haimbi humo hata neno moja. Bike ni dakika 3 na nusu. Mpishe.

#41 Hesabu_za_Muziki
Nimtoe nani?

#42 Dramu_Kimya
Kata Echoes kidogo tu.